Birika la Mama Njeri Lilivyonipeleka Endarasha

Niliondoka nyumbani Murang'a katikati ya Julai kwa sababu mdomo wa birika ulikuwa umeanguka ndani ya kikombe cha mgeni. Naeleza jambo hili waziwazi kwa kuwa majirani wamelisimulia kila mtu kwa namna yake, na katika simulizi ya mmoja wao mgeni aliungua mguu. Hakuna mtu aliyeungua. Mdomo ulitoka tu, ukaingia kikombeni chubwi, na chai ikaufuata ikatapakaa mezani mpaka kwenye mkate.

Mimi ni fundi. Nina kibanda karibu na soko, natengeneza redio, miavuli, viti, sufuria zilizotoboka na chochote kile ambacho mwenyewe bado hajakikatia tamaa. Birika hilo la kauri, jeupe lenye maua ya samawati, mke wangu alipewa na kina mama wa kanisa tulipooana. Mwaka jana mdomo wake ulikatika, nami nikaugandisha kwa ile gundi ya haraka ya kichupa kidogo, nikamwambia Mama Njeri kazi imeisha. Kumbe gundi ile na chai ya moto haviivi chungu kimoja. Siku jamaa za mchumba wa binti yetu Njeri walipokuja kutoka Karatina kwa mara ya kwanza, ndiyo siku gundi iliyochagua kuachia. Kikombe kilikuwa cha Tata Wambui, shangazi wa kijana, mama mwenye sauti ya kuvuka bonde. Alichungulia ndani ya kikombe chake, akaniinulia macho. "Ati fundi ni wewe?"

Mama Njeri hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifuta meza, akawasindikiza wageni hadi barabarani, na aliporudi akaniambia, "Watarudi mwisho wa Agosti kupanga harusi. Baba Njeri, hiyo siku usiguse kitu yoyote kwa hii nyumba."

Maneno hayo yaliniuma. Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na sita na sikutaka anione kama mtu wa kuwekwa mbali na vyombo. Nikaapa kwamba wageni wakirudi watamiminiwa chai kutoka birika lile lile, na Tata Wambui atakuwa wa kwanza.

Njeri ndiye aliyenipa njia. Alipokuwa chuoni alifanya mazoezi ya kazi katika nyumba ya wageni huko Endarasha, ya mama Mjapani aliyeolewa huko siku nyingi, na mama huyo hurekebisha vyombo vya kauri kwa ufundi wa kwao. Alimpigia simu, wakaelewana: nitakaa huko nikijifunza mpaka mwisho wa Agosti, na kwa kuwa msimu wa baridi hauna wageni wengi, nitalipia malazi kwa kutengeneza milango, mabomba na viti. Nilidhani Mama Njeri atapinga. "Enda," alisema. "Angalau ukiwa huko hutatengeneza kitu huku."

Jumatatu asubuhi, Murang'a. Jirani yetu Kariuki ana lori dogo linalopanda Endarasha kuchukua viazi, na kwenda huwa tupu. Nilikaa mbele pamoja naye, birika na mdomo wake vikiwa kwenye katoni mapajani mwangu, vimefungwa kwa sweta yangu kuukuu. Kariuki alicheka njia nzima ya kushuka. Kila baada ya kona moja alikuwa ananiuliza kama abiria wangu amefunga mkanda.

Saa tatu tulikuwa Sagana. Tulisimama kununua samaki wa kukaanga, na nikiwa na mfupa mdomoni nikasikia, "Fundi! Redio yangu!" Alikuwa mama mmoja mteja wangu, ambaye sikujua kwamba huja kuuza nguo pale. Redio yake ilikuwa kibandani kwangu tangu mvua za masika.

"Imebaki kidogo tu," nilimwambia. "Kuja kesho."

"Kesho uko wapi?" aliuliza, akimtazama Kariuki.

"Kesho ako Endarasha," alisema Kariuki, huku akilamba vidole.

Niseme ukweli, sikuona haya. Katika kazi yetu hakuna fundi anayetaja siku ya kweli. Mteja akisikia wiki tatu anakwenda kwa mwingine, na yule mwingine atamwambia kesho. Kwa hiyo sote tunasema kesho, mteja anajua si kesho, na maisha yanaendelea. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha, pamoja na kuchomelea.

Kutoka Sagana tulipanda hadi Karatina, ambako niliinama kidogo kwenye kiti hadi tukaupita mji, nikiogopa kuonwa na wakwe. Saa sita tukaingia Nyeri. Kariuki hula kwa Bi Rukia, mama wa Kiislamu mwenye hoteli ndogo mtaa wa Majengo. Babu zake walikuja mjini hapa kutoka pande tatu tofauti, na yeye huzitaja zote tatu akiulizwa, kisha anamalizia kwamba yeye ni wa Nyeri tu. Alitaka kujua kwenye katoni mna nini. Nikamfungulia.

"Na hicho chombo unakipeleka mpaka Endarasha kikaungwe?" aliuliza. "Baba, si ununue kingine hapo chini?"

"Kingine hakitanisaidia," nilisema, na nikamweleza habari ya kikombe. Alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaniongezea sambusa moja ambayo sikuiagiza, akasema mume wake naye aliwahi kumrekebishia kitanda.

Alasiri, baada ya Mweiga, baridi ilianza kuingia kupitia sakafu ya lori. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya mashamba ya kabichi na viazi, hata Mlima Kenya hatukuuona, wala milima ya Nyandarua upande wa pili. Nyumba ya wageni ilikuwa ya mabati mekundu, vyumba sita, moshi ukitoka jikoni. Aliyetoka kutupokea alikuwa mama mfupi wa miaka kama sabini, mwenye gambuti na sweta mbili, na nyuma yake mzee mrefu aliyevaa kofia ya sufu. Walikuwa Sachiko, ambaye kijiji kizima humwita Mama Ken kwa jina la mwanawe, na mumewe mzee Gichuki. Mama Ken alijifunza Kiswahili huko huko Endarasha, basi huongea kama mtu wa Endarasha.

"Karibu fundi. Njeri ameniambia mambo yako," alisema. Alilipokea birika kwa mikono miwili, akaligeuza, akapitisha ukucha kwenye mabaki ya gundi. "Hii ni gundi gani?"

"Ya haraka, mama."

"Toa yote."

Kesho yake nilianza kuitoa. Nililoweka vipande katika maji ya moto, nikakwangua kwa wembe, nikaloweka tena, nikakwangua tena. Siku tatu nzima. Sijawahi kufanya kazi ya kunishusha kama ile. Kila nilipodhani nimemaliza, Mama Ken alikipeleka kipande dirishani, akakiinua kwenye mwanga, akanirudishia. Mzee Gichuki alikuwa anapita na ndoo za maziwa, akiniuliza, "Fundi, huyo fundi aliweka hii gundi alikuwa nani?" Nikamjibu kwamba namtafuta.

Siku ya nne ndiyo nikaonyeshwa dawa yenyewe. Ni utomvu wa mti wa kwao Japani, mzito, mweusi kama kahawa iliyokolea, nao huletwa na dada yake kwa tyubu ndogondogo. Mama Ken aliukanda na unga wa ngano na maji kidogo juu ya kioo, akiuvuta kwa kijiti mpaka ukawa unarefuka kama ubani wa kutafuna. Alinipa glavu. Nikamwambia mikono ya fundi haivai glavu. Kesho yake mikono ilikuwa imevimba mpaka kwenye viwiko, inawasha kama nimekumbatia thabai, ule upupu wa kwetu, na mzee Gichuki akaniletea glavu juu ya sahani kama anayemwandalia mgeni.

Lakini nilifurahi! Ilikuwa furaha niliyokuwa nimeisahau, ya kushika kazi usiyoijua. Kipande kinapakwa utando mwembamba sana, kinakutanishwa na mwenzake, unakibana kwa vidole na kusikiliza, maana kikikaa sawasawa ukucha hausikii kitu ukipita juu ya ufa. Mara ya kwanza niliweka dawa nyingi ikafurika. Mara ya tano Mama Ken alipitisha ukucha, akasema, "Eeh," basi. Siku hiyo nilikula githeri sahani mbili.

Nilimuuliza dhahabu inawekwa lini. Njeri alikuwa amenionyesha picha za vyombo hivyo, nyufa zake zimetandikwa vumbi la dhahabu, nami nilikuwa tayari namwona Tata Wambui akitoa macho.

"Dhahabu ni ya mwisho," alisema Mama Ken. "Saa hii iko kwa sanduku."

Sanduku lilikuwa la mbao, la kubebea parachichi, ndani limetandikwa vitambaa vilivyolowa, na lilikaa kwenye kona ya stoo karibu na tangi la maji moto. Birika liliwekwa humo pamoja na vyombo vingine vitatu vya wageni wa Nairobi. Kila asubuhi Mama Ken alinyunyizia vitambaa maji, akafunika. Moyoni nilijiambia kwamba mama huyu ni mjuzi, lakini kwa hili amekosea. Nyinyi mnaoishi huku kwetu mnaujua mwezi wa Julai. Hata soksi haikauki. Nguo zetu, mahindi yetu, kuni zenyewe, tunavianika juu ya moto ndipo vikauke. Kitu kitakaukaje ndani ya sanduku la majimaji?

Jumapili ya tatu, Mama Ken na mzee Gichuki walikwenda kanisani. Nilibaki nikitengeneza bawaba ya mlango. Karibu wiki mbili zilikuwa zimepita tangu niunganishe mdomo ule, na kila nilipougusa kwa ncha ya kidole ulikuwa bado unanata kidogo. Nilihesabu siku zilizobaki hadi mwisho wa Agosti. Basi nikalitoa birika sandukuni, birika langu tu, vyombo vya watu sikuvigusa, nikaliweka kwenye kigoda kando ya jiko la kuni, mdomo ukielekea motoni. Nikarudi kwenye bawaba yangu nikipiga mluzi.

Niliporudi jikoni mdomo ulikuwa umeteleza ukashuka, umening'inia kwa uzi mweusi wa dawa. Nilipoushika ukaniachia mkononi. Dawa ilikuwa imelainika kuliko siku niliyoipaka.

Niliwasikia wakirudi wakiimba. Ningeweza kusema wakati ule ule. Badala yake nikalirudisha birika sandukuni, nikauegesha mdomo mahali pake, nikafunika. Wakati wa chakula Mama Ken aliniuliza birika linaendeleaje.

"Iko sawa," nilisema. "Imebaki kidogo tu. Kesho—"

Aliinuka, akaenda stoo. Nilisikia kifuniko kikifunguka. Alirudi ameshika mdomo wa birika, umeingia masizi kidogo, akauweka mezani katikati ya chapati na ndengu. Uso ulinichoma kuliko mikono ilivyowasha.

"Fundi," alisema polepole, "ulisema kesho."

Mzee Gichuki ndiye aliyeniokoa, kama kuokoa ni kule. "Wewe hujengangi?" aliniuliza. "Ukimwaga simiti unafanya nini wiki yote?"

"Namwagilia maji," nilisema.

"Ndio ikauke?"

"Ndio ishike."

"Sasa hii iko tofauti gani?"

Nimemwaga simiti maisha yangu yote. Nimewagombeza vibarua walioacha sakafu ikakaukia juani ikapasuka. Dawa ile pia haikauki kama nguo. Hushika kwa unyevu na joto la taratibu, tena nilikuwa nimeambiwa, ila sikusikia kwa sababu nilikuwa najua tayari. Nilianza kucheka. Mama Ken akanitazama kama ananipima, kisha naye akaangua kicheko, akashika kinywa kwa kiganja, na mzee Gichuki akagonga meza hadi ndengu zikamwagika.

Baada ya kucheka tuliketi tukapiga hesabu ya kweli, siku kwa siku. Kukwangua upya, kuunganisha upya, wiki mbili sandukuni. Halafu kuziba mapengo madogo, kupaka, kusugua, kupaka tena, kila mara na siku zake. Dhahabu. Kisha kuliacha lipate nguvu kabla halijaonja chai. Katikati ya Oktoba, alisema Mama Ken. Nikamuuliza kama hakuna njia ya kufupisha. Akaniuliza kama ipo ya simiti.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko za kwanza, ingawa nilijua nitarudi mikono mitupu. Nilifunga mabomba, nikaunda viti viwili, nikajifunza kupaka mstari mwembamba kwa brashi yenye nywele chache. Asubuhi mojamoja ukungu ulifunguka na mlima ukajitokeza mzima na theluji yake, na sote watatu tulisimama uani na vikombe vyetu tukiutazama. Siku ya kuondoka Mama Ken alinipa tyubu nusu ya dawa, brashi ile, na karatasi iliyokunjwa yenye vumbi la dhahabu kiasi cha mstari mmoja.

"Usifungue kabla ya wakati," alisema. "Na huko nyumbani uwaambie ukweli."

Alhamisi, safari ya kurudi. Lori la Kariuki safari hii lilikuwa limejaa viazi, na mapajani mwangu lilikuwa sanduku dogo la mbao nililoliunda mwenyewe, birika likiwa ndani na vitambaa vyake vilivyolowa. Kila kituo niliomba maji ya uvuguvugu. Mweiga nilipewa na kinyozi. Nyeri, Bi Rukia alinipashia kwenye sufuria ndogo akanyunyizia mwenyewe, akisema "Bismillahi", kisha akataka kuonyeshwa ufa, nikamwonyesha. Karatina sikuinama. Sagana nilimwona mama wa redio kabla hajaniona, nikamwendea, nikamwambia kifaa chake kinachokosekana kinatoka Nairobi na redio itakuwa tayari Jumatano ya wiki ijayo saa nane. Alinitazama kwa wasiwasi, akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti wageni walikuja. Mama Njeri alikuwa ameazima birika la bati kwa jirani bila kuniuliza chochote, maana niliporudi aliona sanduku, akaona uso wangu, akaelewa halijaisha. Nilikaa sebuleni na suti yangu. Chai ilipomiminwa, Tata Wambui alichungulia ndani ya kikombe chake, watu wakacheka, naye akaniita kutoka ng'ambo ya meza.

"Fundi, na ile birika?"

Mama Njeri alisimama mlangoni na sahani ya viazi vikuu, na nikaona amekaza vidole. Alijua ninachosema siku zote.

"Halijaisha," nilisema. "Niliharibu kwa haraka yangu, nikaanza upya. Litakuwa tayari katikati ya Oktoba. Kabla ya hapo haliwezi kutiwa chai."

Nilikwenda jikoni nikaleta sanduku, nikafungua. Hapakuwa na dhahabu, ni mstari mweusi tu kuzunguka shingo ya mdomo. Tata Wambui alivaa miwani, akainama juu ya birika, akaufuata mstari kwa macho.

"Oktoba," alisema. "Niko na miaka sitini na tisa. Sijawahi sikia fundi akisema Oktoba." Aliwageukia watu wake. "Si hata sisi tulikuwa tunataka Novemba? Basi harusi ni Novemba. Chai ya kuagana tutakunywa kwa hii."

Vigelegele vilipigwa, na Njeri akajificha uso begani kwa mama yake. Yaliyofuata yalikuwa mazungumzo marefu ya mahema, mbuzi na kwaya.

Jua lilipokuwa linashuka, wageni wameondoka na vyombo vimeoshwa, Mama Njeri aliingia chumbani. Nilisikia akiburuta sanduku lake la bati. Alitoka na leso iliyofungwa fundo, akaiweka mezani mbele yangu na kuifungua. Vilikuwa vipande vya bakuli la kauri la rangi ya kijani, saba au vinane. Nililikumbuka. Lilikuwa la marehemu mama yake, nami kwa miaka kumi na mmoja niliamini kwamba alimpa dada yake.

"Ilivunjika ile mwaka Njeri alianza darasa la nane," alisema. "Nikaficha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utatengeneza."

Hakutabasamu aliposema, wala mimi. Nilivisogeza vipande polepole, nikatafuta viwili vinavyokutana, nikavikutanisha na kupitisha ukucha. Kimoja kilikosekana, cha ukubwa wa punje ya mahindi. Ningeanza na nini, sikujua bado.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Sijui," nilimwambia. "Pengine mpaka Pasaka. Pengine hata baada ya Pasaka."

Alitikisa kichwa kukubali, akaniachia leso na vipande vyake vyote, akatoka nje kufungia kuku.